Neno la Siri la Watu Watatu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, sokoni, na hata kinywani mwa mumewe anapotaka kumchokoza, aliitwa Mama Kufuli. Mlango wa chumba chake cha kushonea ulikuwa na makufuli mawili nje na komeo ndani, na kila jioni baada ya kufunga alipiga hatua chache, akarudi, akayatikisa yote upya. Akifika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, alimuuliza mumewe, "Hivi nilifunga?"

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole asiyejua kuharakisha neno. "Ulifunga," angemjibu, "ukafungua kuona kama umefunga, kisha ukafunga. Njoo ule."

Hakuzaliwa na hofu hiyo. Hofu ilimjia pamoja na mtoto. Siku alipompakata binti yake kwa mara ya kwanza, dunia nzima ikaota ncha: meza zikawa na kona, ndoo zikawa na kina, ndala zikawa na utelezi. Na mtoto mwenyewe, kana kwamba hofu yote ya nyumba ile ilikuwa imekwisha kugawiwa mama, hakubakiziwa hata chembe. Alicheka na wageni, alibishana na mbwa, na tangu anafungua macho asubuhi hadi anayafumba usiku alikuwa anasema. Ndiyo maana wakamwita Kasuku. Alikua chini ya meza ya cherehani, akihesabu vifungo na kuvihadithia habari za vifungo wenzao.

Kasuku alipokwenda mji wa mbali kusomea utangazaji, Mama Kufuli alibaki na hofu isiyo na mtu wa kukaa juu yake. Basi akaihamishia kwenye kompyuta.

Kompyuta ile ilikuwa ndiyo inayoiongoza mashine yake ya kutarizi, mashine iliyomfanya ashone nembo za shule na majina ya makampuni kwenye mashati. Siku moja mteja alileta mchoro wake kwenye flashi, na ndani ya flashi akaja mgeni mwingine ambaye hakualikwa. Kirusi. Kikaingia, kikavuruga michoro yote. Nembo ya shule iliyotakiwa kuwa na kitabu na taa ilitoka kwenye mashine kama yai lililokaangwa na mtu mwenye hasira. Mwalimu mkuu alipoiona aliuliza kwa adabu, "Hiki ni nini, mama?" Na Mama Kufuli, aibu imemjaa usoni, akalikunja lile shati haraka akalificha nyuma yake.

Akaita fundi wa kompyuta amwekee antivairasi.

"Nikuwekee ulinzi wa kawaida?" fundi aliuliza.

"Kawaida ya nani?"

"Ya watu wengi, mama."

"Niwekee wa mwisho kabisa."

"Ule wa mwisho ni mkali. Utakuzuia hata vitu vya..."

"Kuna swichi pale chini haijawashwa," Mama Kufuli alisema, kidole kimegusa kioo. "Naiona. Washa."

Fundi akawasha. Mipangilio yote ikawa kijani kutoka juu hadi chini, kama shamba baada ya mvua, na Mama Kufuli akashusha pumzi. Likabaki neno la siri la kuifunga hiyo mipangilio, ili mtu asije akaichezea. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo fundi alikiri hajawahi kuliona mahali popote.

Alikuwa amesikia habari za mwanamke wa mtaa wa pili aliyepigiwa simu na mwanamume mwenye sauti tamu. Walizungumza kidogo tu, na mwanamke akajikuta ameshataja neno lake la siri, herufi kwa herufi. "Mtu mmoja anadanganyika," Mama Kufuli aliwaambia watu wake. "Hata mimi. Lakini watatu kwa mpigo? Huyo tapeli itabidi awe na midomo mitatu."

Kwa hiyo neno la siri likakatwa vipande vitatu. Kipande kimoja chake, kimoja cha mumewe, na kimoja cha mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi. Kila mmoja alikiwaza chake, akakiandika mwenyewe huku wengine wamegeukia ukutani. Hakuna kukitaja, hakuna kukiandika pembeni, na hakuna kukisema kwa simu hata nyumba ikiungua. Mumewe alicheka mpaka akashika mbavu, lakini alitii. Aliyefurahi kuliko wote ni Bibi. Tangu aache biashara yake ya vitambaa, hakuna mtu aliyempa siri yoyote ya maana, na sasa alitembea kifua mbele kama mtunza hazina.

Hata simu ya Kicheko haikusalimika. Kicheko alikuwa mshonaji mwenzake, mwanamke mnene wa makamo aliyepewa jina hilo kwa sababu anayoijua kila aliyewahi kukaa naye. Simu yake ndiyo pekee ya kisasa pale kazini, na ndiyo iliyopokea michoro ya wateja. "Simu inayoingia humu ndani lazima nayo ilindwe," Mama Kufuli alisema, na fundi akaiwekea ulinzi uleule, kwa neno lilelile la watu watatu.

Mambo yakakaa hivyo, shwari, mpaka Kasuku alipopiga simu na habari.

"Mama, wamenipa kipindi!"

Kilikuwa kituo kidogo cha redio, kichanga, ambacho sauti yake haikuvuka mipaka ya mji ule wa mbali. Lakini walikuwa wanafungua tovuti, na kupitia tovuti hiyo mtu yeyote popote angeweza kusikiliza na kuandika salamu. Kasuku alipewa nusu saa ya majaribio, Ijumaa saa kumi alasiri, asome salamu za wasikilizaji. Salamu zikija, kipindi ni chake. Zisipokuja, anarudi kukunja nyaya na kuwachemshia chai watangazaji.

"Ila naogopa, Mama," alisema, na Mama Kufuli akaikaza simu sikioni, maana hilo neno hakuwahi kulisikia likitoka kwa mtoto huyu. "Watu huona haya kuwa wa kwanza. Wanasubiri mwenzao aanze. Nikikaa nusu saa nzima bila salamu hata moja, nitasema nini?"

"Wewe? Ukose la kusema?"

"Mama, sitanii."

"Basi wa kwanza nitakuwa mimi. Utakuwa hujavuta pumzi ya pili."

"Apa."

"Naapa kwa cherehani yangu."

Ijumaa ilipofika, Mama Kufuli alikuwa ameshajua maneno ya kuandika. Kompyuta ilifutwa vumbi, vipaza sauti viliazimwa kwa muuza kanda, na viti vikapangwa. Tovuti yenyewe ilizinduliwa asubuhi ileile, na anwani yake Kasuku aliituma mchana. Saa tisa na ushee, kwa kuwa si mtu wa kungoja dakika ya mwisho, Mama Kufuli akaiandika ile anwani na kubonyeza.

Kioo kizima kikawa chekundu. Katikati kikatokeza kiganja cha mkono kilichonyooshwa, kama cha askari wa barabarani. Chini yake paliandikwa: *Tovuti hii imezuiwa kwa usalama wako. Ni mpya mno na haijulikani.*

"Haijulikani?" Mama Kufuli aliiambia kompyuta. "Ni ya mwanangu!"

"Haijui watoto wa watu hiyo, dada," Kicheko alisema.

Walijaribu tena. Kiganja. Wakajaribu kwa simu ya Kicheko. Kiganja kilekile, kidogo zaidi.

"Twende kwenye lile duka la intaneti," Kicheko alishauri.

"Kompyuta iliyoshikwa na dunia nzima? Nikaandike jina la mwanangu humo?"

"Dada, ni salamu, siyo hati ya nyumba!"

Mama Kufuli alichukua mkoba, akasimama, akakaa. Duka lenyewe lilikuwa ng'ambo ya soko, na siku ya Ijumaa soko halivukiki. Dawa ilikuwa moja tu. Akampigia mumewe.

"Baba Kasuku, acha kila kitu uje."

"Siwezi. Nina kichwa mkononi."

"Kiweke chini!"

"Ni cha mteja, mke wangu. Kimeungana na mwili."

"Kinga imemfungia mtoto nje. Kipande chako kinahitajika sasa hivi. Na mama yako yuko wapi?"

"Yuko kwa daktari wa meno. Leo anang'olewa lile gego."

"Mpitie."

Kisha akabaki kusubiri, na kusubiri ndiyo kazi pekee iliyomshinda maishani. Alipanga mikasi kwa ukubwa, akaivuruga, akaipanga. Alichungulia barabarani mara nyingi mpaka muuza ndoo wa jirani akadhani anavizia deni.

Hatimaye wakatokea. Mbele alikuwa mumewe, mkasi mfukoni mwa shati, akitembea kwa kasi ambayo mkewe hakuwahi kuiona hata siku ya harusi yao. Nyuma yake Bibi, shavu moja limejaa pamba kama ameficha limau. Na nyuma ya Bibi, mwanamume ambaye Mama Kufuli hakumjua, shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele.

"Shikamoo, Mama. Pole na jino. Na huyu ni nani?"

"Kichwa," mumewe alisema.

"Sikuweza kubaki pale hivi," yule mteja alijitetea. "Watu walikuwa wananiangalia."

Bibi alijaribu kuitikia salamu, ikatoka, "Mmhaha." Daktari alikuwa amemkataza kufungua kinywa mpaka damu ikauke, na kwa jinsi anavyopenda kusema, ilionekana machoni kwamba adhabu ya jino ilikuwa ndogo kuliko ya ukimya.

"Geukeni!" Mama Kufuli aliamuru. Wote wakageukia ukutani, hata Kichwa, ambaye hakujua kinachoendelea ila aliona ni vyema kufuata wenzake. Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa, akatangulia. Akafuata mwanawe. Mama Kufuli akamalizia, akabonyeza.

*Neno la siri si sahihi. Zimebaki nafasi mbili. Baada ya hapo mipangilio itafungwa kwa saa moja.*

"Nani amekosea?"

"Mimi langu nalijua hata nikiwa usingizini," mumewe alisema. Bibi akajipiga kifuani kwa kiganja, macho makali.

Wakarudia, polepole, herufi kwa herufi. *Si sahihi. Imebaki nafasi moja.*

Sasa hakuna aliyecheka. Hata Kicheko alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Saa ya ukutani ilikuwa imeshavuka saa kumi.

"Kimeanza," Mama Kufuli alisema taratibu.

Alimwona Kasuku wake kana kwamba yuko mbele yake, peke yake na kipaza sauti, akiangalia mahali salamu zinapotokea na kuona patupu. Alikuwa ameapa. Miaka yote hii alifunga kila kitu kisije kikamfikia mtoto, na leo mtoto anaita kutoka nje na mama hana ufunguo. Akaketi. Mikono yake, ambayo haikuwahi kukosa cha kushika, ikalala mapajani.

Ndipo Bibi alipopiga meza, *pa!*

Wote wakamgeukia. Bibi, asiye na subira ya kutafuta kalamu, akafanya viduara viwili kwa vidole, akaviweka machoni.

"Bundi?" mwanawe aliuliza.

Bibi akatikisa kichwa. Akarudia viduara, kisha akaanza kupapasa: chini ya mto wa kiti, chini ya vitambaa, mifukoni.

"Mwizi!" Kicheko alisema.

"Baiskeli!" Kichwa akapaza sauti, kwa uhakika mkubwa.

Bibi alimtazama yule mtu kwa jicho ambalo lingemmalizia kunyoa. Akajigonga utosini, akavuta kitu kisichokuwepo, akakivaa machoni.

"Miwani!" Mama Kufuli alisimama. "Miwani, jamani! Siku ile tulimwambia Mama aanze, akakosa miwani. Tukaitafuta chumba kizima..."

"Na ilikuwa kichwani kwake," mumewe akadakia.

"Ndiyo! Akasema, 'Anzeni nyie, mimi nitamalizia.' Tukaanza sisi! Mimi, kisha wewe, kisha yeye. Vipande ni vyenyewe, tunavipanga vibaya!"

Bibi alinyoosha mikono juu, kama mtu aliyeeleweka baada ya miaka mingi.

"Geukeni!"

Mama Kufuli akaandika chake. Mumewe chake. Bibi akaja mwisho, miwani ameitoa tena mkobani, akidonoa kitufe kimoja kimoja kwa kidole kimoja, kwa utulivu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kule ukutani hakuna aliyepumua. *Tik*, kikasikika kitufe cha mwisho.

Mipangilio ikafunguka.

"Zima zote!" mumewe alisema. "Zima tusikilize!"

Mama Kufuli aliliangalia lile shamba lake la kijani. "Sizimi hata moja," alisema. "Nafungua mlango mmoja." Akatafuta mahali palipoandikwa *Ruhusu tovuti*, akaiandika anwani ya redio, Kicheko akimsomea herufi. Akahifadhi. Akarudi, akabonyeza.

Kiganja chekundu kikatoweka. Ikaja picha ya Kasuku, visikizi vikubwa masikioni, na sauti yake ikajaa chumba:

"...na kama bado hujaniamini, soksi za fundi mitambo wetu ni moja ya bluu na moja ya kahawia. Nimemuuliza kwa nini, amenikunjia uso. Tukirudi kwenye feni ya studio, hii feni ina mapanga matatu, na mojawapo..."

Wakaangua kicheko wote isipokuwa mama yake. Yeye alisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Kasuku akiogopa huongeza mwendo, na sasa alikuwa anakimbia. Salamu bado hazijafika. Lakini hakuwa amenyamaza!

Mama Kufuli alivuta kibodi. Yale maneno mazuri aliyoyaandaa wiki nzima yalikuwa yameyeyuka. Akaandika yaliyokuja: *Salamu kwa mtangazaji. Nimechelewa kwa sababu ya mlango. Endelea kusema, tunakusikia. Mimi Mama Kufuli, fundi cherehani.*

Akatuma. Zikaja picha ndogondogo, na maneno: *Thibitisha kwamba wewe ni binadamu. Chagua picha zote zenye baiskeli.*

"Nilisema!" Kichwa akaruka, shuka likipepea. "Nilisema baiskeli!" Akazionyesha moja moja, ile, na ile, na ile iliyojificha nyuma ya gari, na safari hii hata Bibi alimpigia makofi.

Redioni, sauti ikakatika katikati ya panga la tatu la feni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kasuku alinyamaza bila kuambiwa. Mama Kufuli akashika pindo la gauni lake.

"Wasikilizaji," sauti ikarudi, imetulia, ina unyevu kidogo. "Nina salamu ya kwanza. Inatoka kwa Mama Kufuli. Huyu mama namfahamu. Nimelala miaka mingi chini ya cherehani yake. Ukimwona amechelewa, ujue alikuwa anafunga au anafungua."

Basi chumba kikapasuka kwa shangwe. Kicheko alimkumbatia Bibi, akaponea chupuchupu kuligonga lile shavu. Kila mtu akataka kutuma yake. Kinyozi akawasalimu wateja wake wote, wenye nywele na wasio nazo. Kichwa akamsalimu mkewe, akamwomba asishtuke atakapomwona. Bibi akaandika mwenyewe, kidole kimoja, kwamba hawezi kusema leo ila ana mengi. Muuza ndoo akaingia kuuliza kuna nini, naye akatuma. Kisha wakasikia Kasuku akisoma majina wasiyoyajua: dereva wa lori aliyeegesha mahali, wauguzi wanaobadilishana zamu, mzee na mke wake wakisikiliza kwa simu moja. Ile haya ikawa imewatoka watu. Salamu zikaja kama siafu, na kwenye sauti ya Kasuku mama yake hakusikia tena zile mbio.

Kicheko alipoandika salamu yake ya nne, tovuti ikaikataa. Ikatokea picha ya kufuli dogo na maneno: *Umetuma ujumbe mwingi mno kutoka mahali pamoja. Tafadhali subiri.*

"Ala! Wanatufungia?" Kicheko alikasirika.

Lakini Mama Kufuli aliinamia kioo, akalitazama lile kufuli kwa muda, na uso wake ukachanua kama wa mtu aliyeonyeshwa chumba cha mwanawe akakikuta kimefagiliwa.

"Wana kufuli," alisema kwa upole. "Yuko mahali pazuri."

Jua lilikuwa bado mlangoni Kasuku alipopiga simu. Alikuwa anasema maneno manne kwa pumzi moja: wamempa, kila Ijumaa, mkuu wa kituo amecheka soksi mpaka amelia, na mbona mlichelewa hivyo, nusura nianze kuhesabu vigae!

"Hongera, mwanangu. Hongera sana." Mama Kufuli alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mteja. "Na hiyo tovuti yenu ina ulinzi mzuri. Nimeuona kwa macho yangu. Hebu niambie, neno lake la siri mmelikabidhi watu wangapi?"

"Mmoja tu, Mama. Fundi mitambo."

"Yule wa soksi?"

"Huyohuyo."

Mama Kufuli alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amemkalisha Kichwa kwenye kiti cha cherehani na kuanza kumalizia nusu iliyobaki. Akamtazama Bibi. Bibi, mdomo umefumba, akanyoosha vidole vitatu.

"Mwanangu," Mama Kufuli alisema, akavuta kiti akajiweka sawa, "una dakika mbili?"